Mlio kwenye matundu ya hewa ya gari: anza na feni

Pole sana, dada wa Nyegezi, Mwanza. Umesema mlio wa trrr unatoka kwenye matundu ya hewa, na gari hulala chini ya mwembe. Geuza ufunguo bila kuwasha injini, kisha pandisha feni namba moja moja. Mlio ukienda kasi pamoja na feni, mara nyingi ni uchafu: majani hupenya chini ya waipa, na huku ziwani wadudu wa msimu nao huziba chujio la hewa ya ndani ya gari. Fungua droo ya dashibodi upande wa abiria, utoe chujio, halafu feni yenyewe. Usichokoe kwa waya, mapanga yake ni plastiki. Ukisikia tak-tak unapobadili baridi na joto, mara nyingi hiyo ni gia iliyoharibika ya kimota kinachogeuza kilango cha kuchanganya hewa baridi na ya moto. Kukiwa na harufu ya kuungua, zima feni, umwone fundi umeme leo hii.