Pima kwanza, ndipo uondoe usumaku

Umeuliza kama kuondoa usumaku wa sampuli ya mwamba kwa uga sumaku geu (uga unaogeuza mwelekeo wake tena na tena) kunauacha mwamba wenyewe ulivyokuwa. Hapana. Madini hayabadiliki, ila ndani ya chembe kubwa za magnetiti, madini ya chuma yenye usumaku, kuta zinazotenganisha maeneo ya usumaku husogea na kujipanga upya kufuata mhimili wa uga ule. Hapo wepesi wa mwamba kusumakika unaweza kubadilika, na hasa tofauti yake kati ya mwelekeo mmoja na mwingine. Kwa anayetumia tofauti hiyo kutafuta lava ilitiririkia wapi, hilo linapotosha kweli! Kwa hiyo pima tofauti hiyo kabla sampuli haijafanyiwa chochote.

Kuondoa usumaku kwa joto ni hatari zaidi. Magnetiti hupoteza usumaku wake kwenye nyuzi 580 za Selsiasi hivi, hematiti, madini mengine ya chuma, karibu 675, lakini kabla ya kufika huko madini kama pairiti na sideriti, au udongo wenye chuma, huweza kuzaa magnetiti mpya ambayo haikuwamo mwambani. Mimi hupima wepesi wa kusumakika baada ya kila hatua ya joto. Wepesi huo ukipanda ghafla, siziamini tena namba zinazofuata.