Laptopu imegoma kuwaka: faili kwanza, mashine baadaye

Barua za juma hili zimekuja na ugonjwa mmoja. Laptopu imegoma, na ndani yake mna kitu ambacho mwenyewe hawezi kukiandika tena wala kukipiga picha mara ya pili. Nimechagua tano.

Stima ilipotea usiku, iliporudi laptopu ikawa haiwaki kabisa. Ripoti yangu ya mwaka wa mwisho imo ndani. Ndiyo imeungua? (Mwanafunzi, Tudor)

Mwanangu, usiizike kabla hujaipima. Chomoa chaja, toa betri kama ni ya kutoka, kisha shikilia kitufe cha kuwashia kwa sekunde 30 ili umeme uliobaki ndani uishe. Rudisha chaja peke yake, uwashe. Ikigoma bado, azima chaja nyingine yenye volti zile zile zilizoandikwa chini ya laptopu, na ampea zisizopungua. Stima ikirudi kwa kishindo, chaja ndiyo hupokea kipigo mwanzo.

Sikiliza pia. Feni ikizunguka na taa zikiwaka huku skrini ni nyeusi, mashine haijafa. Iunganishe na televisheni ya sebuleni kwa waya wa HDMI. Picha ikitokea huko, ubovu uko kwenye skrini au waya wake, na ripoti unainakili kwenye flashi papo hapo. Pasipo picha popote, zima, toa umeme wote, uchomoe vipande vya RAM (kumbukumbu ya muda ya mashine), ufute meno yake kwa kitambaa kikavu na kuvirudisha kimoja kimoja. Hewa yetu ya chumvi hapa Mombasa haina huruma na meno hayo. Na hata ubao mkuu wa mashine ukifa, diski inayotunza faili ni kitu cha peke yake: hufunguliwa skrubu, ikasomwa kwenye kompyuta nyingine. Wasio na njia hiyo ni wenye mashine ambazo hifadhi yake imechomelewa kwenye ubao, kama MacBook za miaka ya karibuni.

Yangu inawaka, lakini inaandika kwamba haioni diski ya kuanzia. Fundi wa mjini anasema dawa ni kufomati, yaani kuifuta diski yote, na kuweka Windows upya. Nimkubalie? Mna matokeo ya wanafunzi ya miaka mitatu. (Mwalimu, Likoni)

Usimkubalie, mwalimu. Na ikiwa umeshaiacha kwake, panda feri leo ukaichukue.

Miaka kadhaa nyuma nilimpelekea fundi laptopu yenye picha za mwisho za nyanya yangu. Alinirudishia ikiwaka vizuri, safi, na tupu. Hakuwa mtu mbaya. Yeye hakuuliza, nami sikusema. Tangu siku hiyo, kabla bei haijatajwa, mimi hutamka: faili kwanza.

Windows ikiharibika, mara nyingi faili ziko pale pale. Kilichovunjika ni mlango, nasi tutaingia kwa mlango mwingine. Azima kompyuta nyingine isiyo na ubovu na flashi ya GB 16 isiyo na kitu cha maana, maana itafutwa yote. Pakua Ubuntu, mfumo wa kuendesha kompyuta kama ilivyo Windows, ila huu ni wa bure. Ina GB kadhaa, kwa hivyo tafuta WiFi ya jamaa usije ukamaliza bando. Kuiburuta tu kwenye flashi hakutoshi. Iandike kwa programu ya Rufus au balenaEtcher.

Chomeka flashi kwenye laptopu iliyogoma, uiwashe huku ukigongagonga F12 kwa Dell na Lenovo, au F9 kwa HP, kisha uchague flashi. Utaulizwa kama unataka kuijaribu Ubuntu au kuisakinisha. Chagua kujaribu. Hapa ndipo watu huteleza: ukichagua kusakinisha, unaweza kuifuta diski kwa mkono wako mwenyewe. Ukiijaribu tu, Ubuntu huishi ndani ya flashi na kwenye RAM, haigusi diski yako.

Fungua dirisha la faili. Diski ya Windows itaonekana pembeni. Ingia Users, halafu jina lako, na humo utakuta Desktop, Documents na Pictures kama ulivyoziacha. Zinakili kwenye diski ya nje. Ukiambiwa diski ya Windows inasomeka tu, haiandikiki, usihangaike, maana kusoma ndiko tunakotaka. Ukimaliza, fungua faili tatu nne kwenye kompyuta nyingine uone kama zinafunguka kweli. Hapo sasa mpe fundi afomati.

Ubuntu nayo isipoiona diski, fundi aichomoe na kuirudisha vizuri. Wakati mwingine imelegea tu.

Begi lilianguka nikishuka matatu. Sasa laptopu inalia tik, tik, tik na haifiki popote. (Muuza nguo, Kongowea)

Zima, kaka, hata kabla ya kumaliza kusoma hapa.

Diski ya zamani ina sahani zinazozunguka mara 5,400 au 7,200 kwa dakika, na kichwa kinachoelea juu yake bila kugusa. Mlio huo kwa kawaida ni kichwa kinachotafuta njia na kuikosa, na kila dakika ya kuendelea kuwaka huweza kukwangua kilichobaki. Usiendeshe CHKDSK, ile programu ya Windows ya kukagua na kurekebisha diski. Usiitie kwenye friji. Usiruhusu mtu afungue kifuniko cha diski kwenye meza ya dukani, kwa sababu vumbi dogo tu linatosha kuimaliza. Heri nusu shari kuliko shari kamili. Kazi hiyo ni ya maabara yenye chumba kisicho na vumbi, na ni ghali, basi pima kwanza kama hesabu zako zina thamani hiyo.

Ingekuwa hailii ila inasoma kwa kukwamakwama, ningekwambia utumie GNU ddrescue, programu inayochota kwanza sehemu zisizo na ubovu na kuzirudia mbovu mwishoni.

Skrini ya buluu inaniomba tarakimu 48. Sijawahi kuweka nywila kama hiyo. (Muuguzi, Changamwe)

Dada, hiyo ni BitLocker, kufuli la Windows la kufungia diski. Ulipoingia kwa akaunti ya Microsoft, Windows ilifunga diski yenyewe na kuweka ufunguo kwenye akaunti hiyo. Kwa simu, nenda account.microsoft.com/devices/recoverykey. Kama mashine ni ya kazini, waulize wa kompyuta wa hapo. Ufunguo usipopatikana popote, faili hazifunguki, na anayekuahidi kinyume anataka pesa zako.

Chai ya maziwa ilimwagikia kibodi. Nimeitia laptopu kwenye mchele tangu jana. Niiwashe? (Mama wa watoto wawili, Mji wa Kale)

Usiiwashe, mama. Itoe kwenye mchele. Mchele hauyavuti maji yaliyojificha chini ya ubao, na vumbi lake huingia matunduni. Tena maji si kitu. Sukari na maziwa hubaki vimeganda na kuila shaba hata baada ya kukauka. Betri ichomolewe leo, na ubao uoshwe kwa spiriti ya isopropili na brashi laini.

Lakini kabla ya kuosha, diski itoke. Kwenye laptopu nyingi za sasa ni SSD, kijibao chembamba chenye urefu wa kidole, na fundi mwenye kijisanduku chake cha USB huisoma kwa dakika chache. Mwambie aitoe mbele yako, na usiondoke pale mpaka umeiona picha ya kwanza ya wanao ikifunguka.