Baba ana miaka 76 na bado anaendesha: apimwe nini?

Msomaji wa Moshi ameniandikia kuhusu baba yake, mzee wa miaka 76 ambaye bado anashuka na RAV4 yake kutoka Uru hadi soko la Mbuyuni. Mwaka huu amekwaruza nguzo ya geti la nyumbani mara mbili, zote kwa upande wa kushoto. Kaka yake msomaji anataka serikali iwarudishe wazee wote kwenye mtihani wa udereva wakifika miaka 70. Mama anasema mzee ameendesha tangu ujana bila kugonga mtu, kwa hiyo aachwe. Msomaji mwenyewe, dada huyo, anauliza amsikilize nani.

Dada, usimsikilize hata mmoja kwa sasa. Angalia kwanza ile mikwaruzo. Usukani wetu uko kulia, hivyo kushoto ndiko mbali na dereva, na ndiko kunakoanza kumpotea macho yakibana pembeni au shingo ikikaza. Mzee anayekwaruza nguzo aliyoizoea miaka yote hajasahau kuendesha. Kuna kitu hakioni, na mtihani wa udereva hautakwambia ni kitu gani.

Njia anayoitaka kaka imeshajaribiwa. New Zealand iliwafanyisha mtihani wa barabarani madereva wa miaka 80 na kuendelea, ikaufuta Desemba 2006 na kubaki na cheti cha daktari. Australia, jimbo la New South Wales linawapima wazee kwa umri, jirani yake Victoria halipimi. Watafiti walilinganisha ajali za wazee wa majimbo hayo mawili na hawakuona faida ya usalama kwa wale wanaopimwa. Finland na Sweden zililinganishwa vilevile. Finland ilidai wazee wapimwe na daktari, Sweden haikudai, na tofauti iliyojitokeza ilikuwa ya kusikitisha: wazee wa Finland walikufa zaidi wakiwa watembea kwa miguu.

Hilo la mwisho ndilo linalotuhusu sisi watu wa mlimani. Mzee wa Uru, Kibosho au Marangu akinyang'anywa leseni hatakaa nyumbani. Kanisa lipo, kliniki ya presha ipo, misiba ipo kila wiki. Atapanda bodaboda, mara nyingi bila kofia ngumu, kwenye mteremko wa udongo uliolowa. Anayedhani amemwokoa baba yake kwa kuficha funguo ahesabu pia hatari hiyo.

Mfumo ninaoukubali zaidi ni wa Japani. Dereva wa miaka 75 na zaidi hupimwa kumbukumbu na uelewa anapohuisha leseni, na tangu Mei 2022 aliyepatikana na makosa fulani ya barabarani katika miaka mitatu iliyopita ndiye anayelazimika kufanya mtihani wa kuendesha. Kosa ndilo linaloita mtihani. Leseni yetu ni ya miaka mitano, na miaka mitano ni mingi mno kwa macho ya mtu wa umri huo. Kwa hiyo familia isisubiri tarehe ya leseni. Impime mzee wake kila mwaka, na vipimo vyenyewe havihitaji zaidi ya tepu, saa na mtu mwenye subira.

Anza na macho, kwa sababu hapo ndipo penye mengi. Egesha gari mchana mahali penye mwanga, pima mita 20 kutoka kwenye kibao cha namba kwa tepu ya fundi, mwambie asome T, tarakimu tatu na herufi tatu. Kama ana miwani ya kuonea mbali, avae. Ile ya kusomea aivue, inamharibia mbali. Umbali huohuo ndio wanaoutumia Uingereza kwa dereva wa umri wowote. Akikosea, mpe gari la pili. Akikosea tena, haendeshi mpaka aonwe na daktari wa macho.

Kusoma namba hakutoshi. Glakoma hula uoni wa pembeni polepole bila maumivu, na mzee anaweza kusoma kibao kile vizuri kabisa na asimwone mtoto anayechomoka kushoto. Kaeni mkitazamana, mita moja kati yenu. Yeye afunike jicho lake la kushoto, wewe ufunike lako la kulia, kila mmoja atazame jicho la mwenzake lililo wazi. Leta kidole kinachotikisika kutoka nje kuelekea katikati, kikiwa nusu ya njia kati yenu: kutoka juu, chini, kulia na kushoto. Mnapaswa kukiona karibu wakati mmoja. Kisha badilisheni macho. Ukiona wewe unakiona mapema sana kuliko yeye upande wowote, mpeleke hospitali ya KCMC hapo Moshi, idara ya macho, na utaje wazi kwamba anaendesha gari.

Usiku ni habari nyingine. Kwenye giza, jicho la mtu wa miaka 60 hupokea karibu theluthi tu ya mwanga unaopokelewa na jicho la kijana wa miaka 20. Ongeza mtoto wa jicho, ambaye hutawanya taa za gari linalokuja zikawa ukungu mweupe. Muulize mzee: ukishapishana na basi lenye fulu, inakuchukua muda gani kuuona tena ukingo wa lami? Akijibu kwamba anaifuata tu taa ya gari la mbele, basi usiku umekwisha kwake, hata kama mchana yuko sawa. Na hapa nasema kwa nguvu: mtoto wa jicho hutolewa kwa upasuaji, na waliofanyiwa hupata ajali chache kuliko wasiofanyiwa. Mtolee mzee mtoto wa jicho kabla ya kumtolea hukumu.

Jua nalo ni la kupangia ratiba. Januari 2019 Prince Philip, akiwa na miaka 97, aliingia barabara kuu karibu na Sandringham akagongana na gari lingine. Alieleza kwamba jua lilimpiga machoni, na mwezi uliofuata akarudisha leseni. Barabara ya Arusha kwenda Moshi inaelekea mashariki. Mzee wa Arusha anayekwenda Moshi ana jua usoni asubuhi, na akirudi jioni analo usoni tena. Wa Moshi anayekwenda Arusha analo mgongoni safari zote mbili. Basi wa Arusha aondoke saa tatu asubuhi, aanze kurudi kabla ya saa tisa alasiri. Kioo cha mbele kifutwe kwa ndani pia, maana utando wa vumbi huwaka jua likikipiga, na wiper zilizokauka zibadilishwe kabla hazijachora kioo.

Kosa kubwa la dereva mzee kwenye makutano ni kukata kulia. Chukua barabara ya njia nne kati ya Sakina na Tengeru. Gari linalokuja kwa kilomita 80 kwa saa hutembea mita 22 kila sekunde. Mzee anayeanza taratibu huhitaji sekunde tano au sita kuvuka njia mbili, kwa hiyo anahitaji nafasi tupu ya mita 110 hadi 130. Kijana hukadiria hilo haraka, mzee huchelewa kuamua, kisha huondoka nafasi ikiwa imeshaliwa. Bodaboda ni mbaya zaidi: kitu kidogo huonekana kiko mbali kuliko kilivyo. Dawa yake ni kuacha kukata kulia palipo na kasi. Apite, aendelee mpaka kwenye kipilefti, azunguke arudi akiwa upande wake. Mjini, kona tatu za kushoto zinamfikisha kulekule. Na pale ambapo lazima asubiri akate kulia, matairi yabaki yamenyooka. Akiyakunja mapema na kugongwa nyuma, anasukumwa moja kwa moja mbele ya fuso.

Sasa miguu. Aprili 2019, Ikebukuro jijini Tokyo, dereva wa miaka 87 alikanyaga mafuta akidhani ni breki na kuua mama na mtoto wake. Gari la otomatiki halina klachi ya kukuokoa. Weka alama mita 3 kutoka ukutani, mzee atembee haraka kadiri awezavyo kwenda na kurudi. Zaidi ya sekunde 9 ni dalili ya kumwona daktari. Mwenye kisukari aulizwe kama ana ganzi kwenye nyayo, kwa sababu mguu usiohisi pedali haujui uko wapi. Malapa, gambuti na kiatu cha soli nene vikae buti. Kiti kiletwe mpaka kifua kiwe kama sentimita 25 kutoka usukani na macho yawe angalau sentimita 8 juu ya ukingo wake. Akipungukiwa, mto mgumu chini yake unatosha. Kwenye kuegesha na kurudi rivasi mahali tambarare, gari la otomatiki linatembea lenyewe, kwa hiyo mguu ukae kwenye breki muda wote, mafuta yasiguswe. Makosa mengi ya pedali hutokea hapo, kiwiliwili kikigeuka nyuma na mguu ukihama bila mwenyewe kujua.

Shingo ni rahisi kupima: akae kwenye kiti amefunga mkanda, asome saa ya ukutani iliyo mita 3 nyuma yake kwa kugeuka. Asipoweza, fundi amwongezee vioo vidogo vya mviringo kwenye vioo vya pembeni.

Fungua pia mfuko wa dawa. Piriton ya mafua, diazepam na amitriptyline zote huleta usingizi, na mzee huzibeba mwilini muda mrefu kuliko kijana. Mwenye kisukari anayetumia insulini au vidonge vya glibenclamide apime sukari kabla ya kuwasha gari na asiendeshe ikiwa chini ya 5 (mmol/L). Kwanza ale, asubiri, apime tena. Mgonjwa aliyeshukiwa na sukari huendesha kama mlevi na hajui.

Baada ya hayo ndipo mwende barabarani, dakika 45, wewe ukiwa kiti cha mbele kushoto, redio imezimwa. Kwa Moshi, toka nyumbani hadi kipilefti cha YMCA, panda kuelekea KCMC, rudi mjini, pita Mbuyuni watu wakiwa wengi, kisha mrudi. Kwa Arusha, Kijenge, mnara wa saa, soko la Kilombero hadi Sakina zinatosha. Usielekeze wala usishtuke. Hesabu kitu kimoja tu: mara ngapi wewe au mtu mwingine wa barabarani alilazimika kumwokoa. Honi aliyopigiwa kwa haki, bodaboda aliyekwepa, breki uliyoikanyaga wewe kwenye zulia. Moja, mzungumze na kurudia wiki ijayo. Mbili au zaidi, aache kuendesha peke yake mpaka daktari amwone. Aliyepotea kwenye njia anayoijua, aliyekanyaga pedali isiyo yake, aliyegonga kitu bila kujua, au aliyezimia karibuni hapimwi na familia. Anaacha siku hiyohiyo.

Kumwambia baba ni kazi nzito na watoto wengi huikimbia, wakaishia kuchomoa waya wa betri usiku kama wezi. Msifanye hivyo. Baba ana heshima yake, na mtu aliyewasomesha kwa gari hilohilo anastahili kuelezwa uso kwa uso. Azungumze mtu mmoja, shikamoo kwanza, asubuhi, bila wakwe wala wajukuu. Asianze na umri. Aanze na kipimo: "Baba, kibao hiki hukukisoma, twende KCMC." Jambo la daktari halimdhalilishi mzee kama jambo la mwanawe. Na ombeni kidogo kidogo: kwanza usiku, kisha mvua na ukungu, kisha safari ndefu, mwisho mjini. Mteremko wa daraja la Kikafu jioni ya Desemba, magari ya Dar yakipanda kwa fujo, utoke mapema kabisa kwenye orodha.

Siku atakayoacha, usafiri mbadala uwe umeshaandaliwa wiki moja kabla. Fedha za bima, mafuta, matairi na sevisi ya gari lile zihesabiwe kwa mwaka, zigawanywe kwa 12, zikabidhiwe kwa mama mkononi kila mwezi kwa ajili ya bajaji au dereva mmoja anayefahamika kijijini, mwenye namba yake imeandikwa kwa tarakimu kubwa ukutani karibu na simu. Gari lenyewe libaki uani, naye akae kiti cha mbele likiendeshwa na mwingine.