Shangazi, mwanangu wa miaka 8 ameanza kukojoa kitandani

*Shikamoo Shangazi. Mimi ni mama wa watoto wawili, naishi Mwanga hapa Kigoma, nauza dagaa Kibirizi. Januari nilimchukua mwanangu wa kiume kutoka Kasulu kwa bibi yake, aliyemlea tangu ana mwaka mmoja. Ana miaka 8, na kule alishaacha kukojoa kitandani zamani sana. Huku analowesha godoro karibu kila siku. Mimi natoka saa 10 alfajiri, nikirudi nakuta harufu. Nimemchapa, nimembebesha godoro alianike barazani ili aone aibu, wapi! Jirani ananiambia nimfunge chura kiunoni. Kinachoniuma ni kwamba anafanya makusudi, maana kila mwezi zile siku za mbalamwezi, ninapokuwa nyumbani, anaamka mkavu. Nifanyeje?*
*Mama Wawili, Kigoma*

Marahaba mwanangu. Barua yako nimeisoma mara tatu, na kila mara nimerudi kwenye hizo siku za mbalamwezi. Jibu umeliandika mwenyewe.

Mwezi ukiwaka vipe, zile boti za kuvulia dagaa, haviingii ziwani, kwa sababu dagaa hawazifuati taa. Kwa hiyo huna pa kuwahi, unalala mpaka kunakucha. Giza likirudi unadamka saa 10. Mwanao hajui habari za vipe wala taa. Anachojua ni kwamba kuna usiku anashtuka anakukuta, na kuna usiku anashtuka mama hayupo. Miaka 7 amelelewa na bibi, na sidhani kama kuna alfajiri aliyoamka asisikie bibi akikohoa au akipuliza moto. Leo amempoteza huyo, na wewe bado anakuzoea. Makusudi hufanywa na mtu aliye macho. Huyu amelala, mama.

Hata hivyo mimi si daktari, na hofu si sababu pekee. Mtoto aliyekaa mkavu zaidi ya miezi 6 kisha akaanza upya anatakiwa kuchunguzwa. Mpeleke zahanati wampime mkojo. Huenda ana maambukizi ya njia ya mkojo. Huenda hapati choo vizuri, maana choo kikikaa tumboni hukandamiza kibofu. Ukiona anakunywa maji kupita kiasi huku anakonda, usingoje kesho, kwani kisukari huwapata watoto pia.

Halafu kuna swali ambalo barua yako haikuligusa: ukitoka saa 10, anabaki na nani? Analala chumba kimoja na nani? Simtuhumu mtu. Ila mtoto anayeguswa vibaya au anayetishwa usiku naye huanza kukojoa hivi hivi. Muulize mkiwa wawili tu, labda mnachambua dagaa, bila kumkazia macho. Akisema neno la kukutia shaka, mwamini. Piga 116, ni bure, au nenda Dawati la Jinsia na Watoto pale polisi.

Fimbo iache. Chura usimguse kabisa. Na lile godoro, mwanangu, limeninyima usingizi. Namwona mtoto wa darasa la pili, godoro bichi kichwani, mkojo unamchuruzika shingoni, wenzake wanapita na madaftari na kila mmoja anaangalia. Aibu hiyo ataikumbuka jioni akipanda kitandani, na mtoto anayelala na woga ndiye anayekojoa. Mnunulie nailoni ya kutandika juu ya godoro. Shuka mfue pamoja, nyuma ya nyumba, kimya kimya.

Maji anywe ya kutosha mchana. Jioni punguza, na chai ya rangi usiku asipewe, inakojoza. Aende chooni kabla ya kulala. Na wewe ukiamka saa 10, mwamshe kwanza umpeleke chooni, kisha umwambie wazi: "Naenda Kibirizi, nitarudi saa fulani." Usinyatie mlango ukidhani unamhurumia. Kunyatia huko ndiko kunakomfanya ashtuke peke yake gizani.

Usitarajie wiki moja. Inaweza kuchukua miezi, na atakaa mkavu siku nne, ya tano atalowesha. Siku hiyo usiseme kitu.

Leo jioni mpigie bibi yake Kasulu. Usimsimulie habari za mkojo mtoto akisikia. Mpe mtoto simu, wewe toka nje, waongee mpaka salio liishe.