Kesi ya dereva na posho za wapagazi kwenye hesabu

Dada, umeuliza mawili: dereva aliyefungua shauri CMA (Tume ya Usuluhishi na Uamuzi wa migogoro ya kazi) hapo Arusha, na posho za wapagazi ambao hawajaja kuzichukua, bosi anataka ziingie kwenye mapato.

La posho ni fupi: hapana. Hilo ni deni. Mpagazi kutopatikana kwenye simu hakumfanyi bosi arithi jasho lake. Ziache kwenye madeni, jina kwa jina, na utunze ushahidi kwamba mlimtafuta. Muulizeni kiongozi aliyepanda naye mlima, mara nyingi anajua alipo. Jirani zetu Kenya wana sheria kabisa ya mali za kifedha zisizodaiwa, ya 2011.

Kesi ndiyo yenye kazi. Mwombe wakili maoni kwa maandishi: uwezekano wa kushindwa ukoje? Kwa IAS 37, kiwango cha kimataifa cha uhasibu kuhusu madeni yasiyo na uhakika, uwezekano wa kushindwa ukizidi wa kushinda, na kiasi kinakadirika, mnatenga fedha hizo kwenye hesabu za mwaka huu, hukumu haisubiriwi. Ukiwa chini ya hapo, mnaeleza tu kwenye maelezo ya hesabu. Ukiwa mdogo mno, hata hayo hayahitajiki. Wakili akiandika "tutashinda" bila sababu, mimi nisingempelekea mkaguzi barua hiyo.