Lisbon: panda kwa basi, shuka kwa miguu

Wageni wengi wa Lisbon huanza siku pale Rossio, uwanja wa katikati ya mji, asubuhi kungali baridi, wakainua macho kuiona ngome kilimani na kuanza kuipanda. Ikifika saa sita mchana magoti yamelegea, njaa imewabana, na yule mhudumu anayesimama mlangoni na menyu ya picha anawanasa bila taabu. Mji una vilima saba kwa hesabu ya wenyewe, na unawachosha wanaoupanda kwa ukaidi. Panda kwa basi, shuka kwa miguu, kula kwa saa za wenyeji. Ukiyashika hayo, siku tatu zinatosha kuuonja vizuri.

Kwanza viatu. Njia za waenda kwa miguu zimetandikwa vijiwe vyeupe vya chokaa na vyeusi vya basalti, kimoja kimoja kwa mkono, na nyayo za watu zimevisugua mpaka vinang'aa. Manyunyu kidogo tu yakianguka, vinateleza kama sabuni. Soli ya ngozi au ya plastiki ngumu itakuangusha; vaa raba zenye soli ya mpira yenye meno. Kama umepanga chumba Alfama, mtaa wa kale wa vichochoro na ngazi, muulize mwenye nyumba ni ngazi ngapi kutoka pale teksi inapoishia hadi mlangoni, maana sanduku la magurudumu kule hubebwa kichwani, halivutwi.

Pili, kadi ya Navegante, ya kulipia usafiri wa mjini. Inauzwa kwenye mashine za stesheni za metro, kadi tupu ni nusu yuro, na kila mtu awe na yake. Unaweza kuitia pesa zinazokatwa kila safari, mtindo wanaouita zapping, au tiketi ya saa 24. Kinachowakwamisha watu ni kuchanganya: kadi yenye tiketi ya aina moja haipokei aina nyingine mpaka ile ya kwanza iishe. Ukitaka zote mbili, nunua kadi mbili uziandike kwa kalamu. Kumlipa dereva pesa taslimu ni ghali zaidi.

Kutoka Graça hadi Alfama

Basi namba 734 kutoka Martim Moniz linakupandisha hadi Graça. Tramu 28 nayo hupita huko, ni ya zamani na ya mbao, inapendeza. Ila foleni yake pale Martim Moniz inaweza kukula asubuhi nzima, na ndani, watu wakibanana, wachomoaji wa mifukoni wako kazini. Anayeitaka kweli aipande kabla ya saa tatu asubuhi, au aanzie ule mwisho mwingine, Campo de Ourique.

Kutoka kituoni tembea hadi Senhora do Monte, kibaraza cha juu kabisa cha kutazamia mji. Vibaraza hivi huitwa miradouro. Simama hapo robo saa, usome mji kabla ya kuuingia. Chini kuna bonde lenye mitaa iliyonyooka kama mistari ya daftari, ndiyo Baixa. Kushoto, chini ya ngome, paa zimesongamana bila mpango. Sababu ya tofauti hiyo ni asubuhi ya tarehe 1 Novemba 1755, Sikukuu ya Watakatifu Wote: tetemeko liliangusha mji, mawimbi ya bahari yakaingia kupitia mto Tejo, kisha moto wa siku kadhaa ukamalizia. Marquês de Pombal, waziri wa mfalme, aliijenga Baixa upya kwa mitaa ya kupimwa, na ndani ya kuta akataka uwekwe mfumo wa mbao zilizokingamana, gaiola, yaani kizimba, ili nyumba itikisike bila kuanguka. Alfama, iliyokaa juu ya mwamba, ilinusurika kwa sehemu kubwa, ndiyo maana vichochoro vyake ni vya zamani hivyo.

Sasa anza kushuka: Senhora do Monte, kibaraza cha Graça, kanisa la São Vicente de Fora, halafu uwanja wa Campo de Santa Clara. Ikiwa ni Jumanne au Jumamosi, hapo kuna gulio la vitu vikuukuu, Feira da Ladra. Nenda asubuhi, mchana wauzaji wazuri wamekwisha kufunga. Nunua sahani, vitabu, sahani za santuri, lakini vigae vya zamani vya rangi viache, kwa kuwa vingi vimebanduliwa kwa wizi kwenye kuta za nyumba za watu. Vigae hivyo huitwa azulejo, neno lililotoka Kiarabu, kama jina la Alfama lenyewe lilivyotokana na al-hamma, chemchemi za maji ya moto. Ni ukoo mmoja na hamamu yetu.

Kando ya gulio liko jengo lenye kuba jeupe, Panteão Nacional. Ujenzi wake ulianza 1682 ukaisha 1966, na mpaka leo Mreno akitaja kazi isiyokwisha husema ni kazi ya Santa Engrácia, jina la kanisa hilo. Ndani amelazwa Eusébio, mchezaji mpira aliyezaliwa mwaka 1942 Lourenço Marques, Maputo ya leo, karibu na mwimbaji Amália Rodrigues.

Kutoka hapo rudi hadi kibaraza cha Portas do Sol, kisha uteremke ngazi za Alfama. Ramani ya simu hupotea humo kwa jinsi kuta zilivyokaribiana. Izime. Kila njia inayoteremka itakutoa mtoni, na mwisho wako ni uwanja mdogo wa Chafariz de Dentro. Aliyezoea Mji Mkongwe wa Zanzibar hatapata shida: nguo zimeanikwa juu, bibi yuko dirishani, na dirisha hilo liko usawa wa uso wako. Msalimie, bom dia, wala usiingize kamera nyumbani mwake. Njia nzima haifiki kilomita tatu, lakini ipe saa tatu.

Saa za kula

Hapa ndipo wageni wengi hupoteza pesa. Chakula cha mchana ni kuanzia saa sita na nusu hadi saa nane na nusu. Baada ya hapo majiko ya mitaani huzimwa mpaka saa moja jioni, na wenyeji wenyewe hula usiku kuanzia saa mbili. Anayekumbuka kula saa kumi alasiri atakuta wazi zile sehemu za watalii peke yake. Basi kunywa chai asubuhi, kula shibe mchana, na saa kumi na moja ingia kwenye duka la keki upate kahawa na kitafunio kama wafanyavyo wao.

Mkahawa wa kawaida huitwa tasca. Utautambua kwa karatasi iliyoandikwa kwa mkono na kubandikwa dirishani, na meza zilizotandikwa karatasi ambayo mhudumu huandikia hesabu. Agiza prato do dia, chakula cha siku. Ndicho kilichopikwa asubuhi hiyo na ndicho nafuu. Sahani kamili, dose, mara nyingi inawatosha wawili. Mmoja aombe meia dose. Utakapokaa tu, utaletewa mkate, siagi, zeituni, pengine jibini, na wewe hujaomba. Huo ni couvert. Ukila unalipa, usipogusa hulipi. Kama huutaki, sema mapema "não, obrigado", au "obrigada" ukiwa mwanamke, nao watauondoa bila kinyongo.

Kahawa ndogo nzito huitwa bica, ya maziwa kwenye glasi ndefu ni galão. Ukiinywa umesimama kaunta inakuwa nafuu; kiti cha nje kina bei yake. Pamoja nayo chukua pastel de nata, kijikeki cha viini vya mayai kwenye unga wa tabaka nyingi. Kinachofaa kimeungua madoadoa meusi juu, kina joto, na chini kinakatika kikavu. Kilicholala huwa laini kama mkate uliolowa, usikikubali. Nyunyiza mdalasini kwanza, sukari baadaye. Duka la Belém, mtaa wa magharibi mwa mji, linaviuza tangu 1837, kwa utaratibu unaohusishwa na watawa wa monasteri ya Jerónimos. Foleni ya nje ni ya wanaonunua na kuondoka navyo. Ndani kuna kumbi kubwa zenye viti, pita moja kwa moja.

Kwa wasiokula nguruwe, lugha hii ina maneno mengi ya kujifunza: porco, chouriço, presunto, toucinho, na banha, yaani mafuta yake. Supu ya caldo verde inaonekana salama, majani yaliyokatwa nyembamba kama sukuma kwenye viazi vilivyopondwa, lakini juu huelea kipande cha chouriço, na mara nyingi kimechemkia humo humo. Usitosheke na kukitoa, uliza kabla. Nyama nyingi nazo hulazwa kwenye mvinyo. Samaki wa kuchoma na pweza wa mafuta ya zeituni na vitunguu saumu ni njia rahisi zaidi. Maduka na mikahawa ya halali iko mingi mtaa wa Mouraria, kwenye Rua do Benformoso. Na ukiona chamuça kwenye kabati la kioo, ni sambusa ile ile; uliza nyama ni ya nini. Piri-piri ya kuku nayo unaijua jina tangu utotoni.

Dagaa wakubwa, sardinha, uwale kuanzia Juni mpaka mwisho wa kiangazi, wanapokuwa na mafuta. Usiku wa tarehe 12 Juni, mkesha wa Mtakatifu Antonio, Alfama yote inafuka moshi wa majiko ya mkaa. Samaki huwekwa juu ya kipande cha mkate, mkate ukanyonya mafuta, nao ukaliwa mwisho. Wakati wa baridi wanaouzwa wametoka kwenye barafu.

Kisha bacalhau. Ni chewa wa bahari za kaskazini aliyetiwa chumvi na kukaushwa, jamaa wa ng'onda wetu kwa utaratibu. Maduka ya zamani ya kumuuza yako Rua do Arsenal, amepangwa kama mbao. Kama chumba chako kina jiko, pika à Brás, ndiyo inayosamehe makosa. Kwa watu wanne: gramu 400 za samaki mkavu, nusu kilo ya viazi, vitunguu viwili, punje mbili za saumu, mayai sita. Mloweke samaki ndani ya friji saa 24 hadi 36, ngozi ikiwa juu ili chumvi ishuke, ukibadili maji kila baada ya saa sita hadi nane. Onja uzi mmoja mbichi: uwe na chumvi ya kawaida, usikwaruze ulimi. Mchambue, toa miiba. Kata viazi vyembamba kama njiti, kaanga mpaka vikauke. Kaanga vitunguu polepole kwenye mafuta ya zeituni, tia samaki kwa dakika tano, changanya viazi, halafu zima moto kabla ya kumimina mayai. Joto la sufuria linatosha. Wanaoharibu ni wale wanaoacha moto ukiwaka: mayai yanakuwa chenga kavu, wakati yanatakiwa yashike samaki kama mchuzi mzito. Malizia kwa zeituni nyeusi na majani ya parsley. Usiye na siku nzima ya kuloweka, nunua aliyekwisha kulowekwa na kugandishwa, ameandikwa demolhado.

Usiku wa fado

Fado, muziki wa kuimbwa wa Lisbon, ilikulia mitaa ya Mouraria na Alfama. Maria Severa, anayetajwa kuwa mwimbaji wake wa kwanza mkubwa, alikufa Mouraria mwaka 1846. Ukiwa umezoea taarabu, ujue adabu hapa ni kinyume. Kwenye taarabu unainuka, unatuza, unaitikia. Kwenye fado taa hupunguzwa, mhudumu husimama alipo na sahani zake, na hakuna anayenong'ona. Simu mfukoni, uma chini. Gitaa la Kireno lenye nyuzi kumi na mbili likinyamaza na sauti ikamalizia, hapo ndipo unapiga makofi. Huimbwa nyimbo tatu au nne, kisha taa zinawashwa mnakula tena. Kabla ya kukaa uliza consumo mínimo, kiasi cha chini unachotakiwa kutumia, kwa kuwa nyumba nyingi hulipisha wimbo kwa njia hiyo. Ukiona tangazo la fado vadio, ni usiku wa waimbaji wa mtaani wasiolipwa. Bei huwa nafuu.

Dhahabu ya Kilwa

Wengi humaliza Belém kwa kaburi la Vasco da Gama, kanisani Jerónimos. Nenda, tramu 15 inafika, ila Jumatatu kumefungwa. Lakini Mswahili akiwa na saa moja tu ya makumbusho aipeleke Museu Nacional de Arte Antiga, mtaa wa Janelas Verdes. Angalia kwanza tovuti yao, maana hufunga kwa ukarabati. Uliza Custódia de Belém. Ni monstransi, chombo cha kuonyeshea Ekaristi, haifiki urefu wa mita moja. Mitume kumi na wawili wadogo wamepiga magoti kuzunguka kioo, kila mmoja na uso wake. Inama uone kitako: kuna maua na ndege wa rangi, na pembeni maandishi yanayosema mfalme Manuel aliagiza itengenezwe kwa dhahabu ya kodi ya Quíloa, ikamalizika 1506. Quíloa ni Kilwa. Mwaka 1502 Vasco da Gama alitia nanga pale na merikebu za mizinga, akamlazimisha Amir Ibrahim, mtawala wake, alipe. Mwaka 1505 Wareno walirudi wakaiteka Kilwa na kuichoma Mombasa.

Ukitoka, tembea kuelekea mashariki hadi Rua do Poço dos Negros, mtaa unaobeba jina la shimo ambalo mfalme Manuel huyo huyo aliagiza lichimbwe mwaka 1515, kwa maiti za watumwa wa Kiafrika zilizokuwa zikitupwa ovyo. Mtaa huo na São Bento jirani yake ndiko walikofikia wahamiaji wengi wa Cabo Verde karne iliyopita. Wakiwa na cachupa, agiza: mahindi yaliyokobolewa na maharage, yaliyolowekwa usiku na kuchemka kwa saa nyingi, kande kabisa, ila nayo hutiwa nguruwe mara nyingi, kwa hiyo uliza. Ile ya jana iliyokaangwa na yai juu, refogada, ndiyo tamu zaidi, na kwa kawaida huliwa asubuhi.