Kabla hujatafuta jeni ya nyama, tazama mizani

Wengi tukiingia kwenye utafiti wa ng'ombe wa nyama tunakuja na swali moja: ni jeni ipi inayomkuza mnyama? Mimi nililishikilia swali hilo mwaka mzima, na mwaka huo ukapotea.

Kinachotuvuta ni maiostatini, jeni inayozuia misuli isikue kupita kiasi. Mwaka 1997 ilibainika kwamba ng'ombe wa Belgian Blue wamepungukiwa herufi 11 za DNA ndani ya jeni hiyo, na protini yake haifanyi kazi. Kwa mbari ya Piedmontese ni herufi moja tu iliyobadilika, nayo misuli ikajaa vilevile. Ukiyaona mapaja ya wanyama hao unaamini kila sifa ina jeni yake iliyojificha mahali. Sivyo. Maiostatini ni ya pekee, na ina gharama: ndama wa Belgian Blue huwa mnene mno kwa nyonga za mama yake, ndiyo maana wengi huzaliwa kwa upasuaji. Mbari ya Limousin nayo ina badiliko lake la jeni hiyohiyo, liitwalo F94L, linaloongeza nyama bila kuleta taabu ya uzazi kwa kiwango hicho. Kwa hiyo ukisikia mtu anataja maiostatini, muulize ni badiliko lipi.

Uzito wa kawaida huongozwa na sehemu nyingi sana za DNA, kila moja ikichangia kidogo. Eneo la jeni ya PLAG1 kwenye kromosomu ya 14 na lile la jeni za NCAPG na LCORL kwenye kromosomu ya 6 yamejitokeza katika mbari nyingi. Lakini kinachoongeza uzito wa machinjioni mara nyingi huongeza na uzito wa kuzaliwa, kwa hiyo usimchague dume kwa kilo za mwisho peke yake.

Sasa kosa langu. Nilikuwa na sampuli za damu za wanyama zaidi kidogo ya mia moja, kutoka mashamba mawili. Nilipima badiliko moja, nikaona wenye aina fulani ni wazito zaidi, na hesabu zikakubali. Msimamizi wangu aliuliza jambo moja: hao wazito wametoka shamba lipi? Karibu wote walitoka shamba moja, machotara wenye damu nyingi ya mbari kubwa, tena wanaolishwa vizuri. Badiliko nililolipima lilikuwa likinionyesha ukoo na malisho tu.

Tangu siku hiyo, mnyama namlinganisha na wenzake: wa jinsia moja, waliozaliwa msimu mmoja, waliokula pamoja na kupimwa siku moja. Umri wa mama lazima uandikwe, kwa sababu ndama wa uzao wa kwanza kwa kawaida huwa mwepesi, na uzito wa kuachishwa kunyonya una maziwa ya mama ndani yake. Saa ya kupima nayo isibadilike. Tumbo lililojaa majani na maji laweza kuongeza makumi ya kilo kwa ng'ombe mzima, na hakuna jeni moja ya kawaida inayoweza kushindana na yumbayumba hiyo ya mizani.

Utakutana pia na kiwango cha kurithika. Kwa uzito wa mwaka mmoja, kiwango hicho huwa karibu 0.3 hadi 0.4. Hii haina maana kwamba asilimia 40 ya kilo za mnyama zimetoka kwenye jeni. Ni sehemu ya tofauti kati ya wanyama wa kundi hilo inayotokana na jeni, katika mazingira hayo. Badili kundi, na namba inaweza kubadilika.

Ulaini wa nyama ndio unaonisisimua kuliko yote. Baada ya kuchinja, kimeng'enya cha kalpaini hukatakata protini za nyuzi za misuli, na protini nyingine, kalpastatini, hukizuia. Ng'ombe wa nundu huwa na kalpastatini yenye nguvu zaidi, hivyo nyama yao hulainika polepole. Alama ya 316, yaani sehemu ya DNA inayopimwa kubashiri ulaini, kwenye jeni ya kalpaini iitwayo CAPN1 ilisaidia katika mbari zisizo na nundu, lakini kwa wenye nundu aina yake nzuri ni adimu, ikabidi itafutwe alama nyingine. Usiibebe alama kutoka mbari moja kwenda nyingine kabla hujaijaribu upya. Halafu kumbuka kwamba mzoga uliopozwa upesi mno hukaza nyama, hata ya mnyama mwenye jeni nzuri kabisa. Andika pH (kipimo cha uchachu wa nyama), joto la chumba, siku nyama ilizokaa, na ni msuli upi uliokatwa.

Kabla hujapeleka chupa moja ya damu maabara, chora jedwali: kila aina ya jeni kwa kila shamba, kila dume, kila mbari. Ukikuta aina moja imerundikana kwenye kisanduku kimoja cha jedwali, rudi shambani ukatafute wanyama wengine.